Opereta na Marahaba Iliyopotea Njia

Nianze na ukweli: opereta wetu alikuwa na maringo. Asubuhi aliingia ofisini amejifunga kanga mbili juu ya sweta, maana upepo wa Basotu haumheshimu mtu, akavua moja, akaikunja vizuri, akaiweka kitini na kuikalia. Kisha akavaa vile vyombo vya masikioni polepole, kama bibi harusi anayevishwa shela, akakohoa kidogo, na ndipo akasema, "Mashamba ya ngano Basotu, habari za asubuhi?"

Sauti ile! Wanaume wa Arusha waliokuwa wakitupigia kuhusu vipuri na dizeli waliamini kabisa kwamba upande wa pili kuna msichana mwembamba aliyemaliza shule juzi. Siku wakifika kwa gari, nywele zimechanwa, wanamkuta mama mnene wa makamo anatafuna hindi la kuchoma mbele ya mtambo wa simu. Wanavua kofia.

"Shikamoo mama. Yule dada wa simu yupo?"

"Marahaba. Katoka kidogo," anajibu bila kucheka. "Nimwambie nini?"

Walimwachia salamu, na wengine walimwachia biskuti. Biskuti tulikula wote wawili.

Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu, na meza yangu ilikuwa chumba kimoja na yeye. Mashamba bado yalikuwa ya serikali, ngano imetanda mpaka macho yanachoka, na simu zote za shamba zilipita mikononi mwake. Ukitaka kuzungumza na Katesh, Arusha au nchi yoyote ya mbali, ulimwomba yeye achomeke waya kwenye tundu lake. Kwa hiyo kila mtu alimsalimia kwa heshima, hata meneja, ambaye wengine wote alituitikia kwa kutikisa kichwa.

Alichokichukia kuliko vyote ni kelele. Siku zile watu waliamini kwamba umbali unashindwa kwa mapafu. Bwana stoo akiongea na Arusha, sisi tulio jengo la pili tulijua ameagiza mikanda ya mashine mingapi, na kunguru waliokuwa juu ya paa la ghala walihama. Opereta aliingia katikati ya maongezi bila kubisha hodi.

"Bwana stoo, Arusha si viziwi. Sema taratibu."

"Sauti yangu inanirudia, mama! Nataka niishinde!"

"Utaishindaje na ni yako? Ukiongeza, na yenyewe inaongezeka."

Hapo ndipo nilipoanza kusikia habari za mwangwi wa simu, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale kila siku, nilizisikia mpaka nikazikariri kama sala. Yeye alifundishwa na fundi wa laini aliyewahi kuja kusimamisha nguzo zilizoangushwa na upepo. Alimhoji mpaka chai ya fundi ikapoa, na hakuwahi kudai kwamba elimu ile ni yake. Kila mara alianza na "fundi alisema". Fundi alisema sauti ikifika mwisho wa safari inatakiwa iishie yote sikioni mwa mtu. Ikipata upenyo, labda mkonga wa simu umeshikwa mbali na sikio, labda sauti imefunguliwa kubwa mno, labda waya haukuungwa sawasawa, basi kipande chake kinaingia kwenye njia ya kurudi na kumfuata mwenyewe. Kwenye simu ya karibu kinarudi haraka hata hukigundui. Kwenye simu ya ng'ambo, inayopanda mpaka setilaiti na kushuka tena, kinachelewa, na mwenye kusema anakisikia waziwazi kama vile yuko mtu anayemwiga.

Kutokana na maneno ya fundi alikuwa na kanuni moja ambayo shamba zima liliikataa. Ukisikia mwangwi wa sauti yako, alisema, usigombane na simu yako. Kosa liko kwa mwenzako. Na huyo mwenzako hasikii kitu, kwa hiyo ukimlalamikia atakuona mwongo.

Mhasibu wetu alibadilishiwa simu, akabadilishiwa tena, na bado kila akipigia Dar es Salaam alijisikia mwenyewe. Mwishowe opereta akamwambia, "Muulize huyo unayeongea naye anafanya nini saa hizi." Mhasibu akauliza. Mwenzake kumbe alikuwa ameulaza mkonga begani, anamenya karanga kwa mikono miwili. "Mwambie aache karanga," opereta akasema. Karanga zikaachwa, mwangwi ukakoma, na mhasibu akawa rafiki yetu mpaka alipohamishwa.

Dawa yake kwa upande wetu ilikuwa fupi: punguza sauti, bana mkonga sikioni, sema, halafu nyamaza umsubiri mwenzako. Alidai sisi watu wa huku tulizaliwa tunaijua. Mkubwa unampa shikamoo, unangoja marahaba yako, hurukii kwenye habari za ng'ombe kabla hujaitikiwa. "Watu wa salamu hawasumbuliwi na mwangwi," alisema. "Mwangwi ni wa wenye haraka." Maneno hayo yalikuja kumwaibisha, kama nitakavyoeleza, na alikubali aibu yake kwa ucheshi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Yeye aliyekataza kelele, kanisani aliimba kwa nguvu mpaka mwalimu wa kwaya akamhamishia mstari wa nyuma, karibu na dirisha, ili sauti nyingine itoke nje. Aliunganisha simu za watu kutwa nzima, lakini yeye mwenyewe hakupiga simu. Akitaka kumsalimu dada yake aliyeolewa Masakta, alisimama barabarani kungoja lori la kwenda upande huo, akampa dereva ujumbe na kumfanya aurudie mbele yake. Nikimuuliza sababu, alisema mpishi hushiba kwa harufu ya jikoni.

Na umbea! Hapo ndipo palipokuwa na kituko chake kikubwa. Alikuwa mmbea wa hali ya juu, lakini kwa sheria. Alichokiona kwa macho alikisema chote: nani kavaa viatu vipya, nani kapita na kuku kwapani kuelekea nyumba ya bwana shamba. Alichokisikia kwenye waya hakukisema hata kwa dawa. "Ya macho ni yangu," alisema. "Ya masikio yana wenyewe." Wake za madereva walimletea maziwa ili awaambie nani anahamishiwa wapi. Maziwa aliyapokea, akayanywa, akawashukuru, akawapa habari za yule kuku.

Sasa nije kwenye jambo langu, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Nilikuwa nimepata mchumba, fundi wa mashine za kuvunia ngano, kijana mpole ambaye nguo zake zilinuka grisi hata Jumapili. Shamba likampeleka Kanada kujifunza mashine mpya. Mara mojamoja alinipigia simu, na kwa kuwa simu za binafsi hazikuruhusiwa ofisini, nilizipokelea karakana. Simu ya pale ilikuwa imefungwa kikuza sauti kwa sababu ya ngurumo za injini, na mtu aliyeongea Kanada ungedhani kakupigia makofi sikioni. Mimi niliongea bila kupumua. Yeye alisema "ndiyo" na "sawa", nami nikaweka simu chini nirudi kazini.

Wazee wake walikuwa wameshafika kwetu Tumati kuleta posa. Baba hakukataa, ila alitia sharti. Alitaka kumsikia kijana mwenyewe, kwa kinywa chake, kutoka huko huko aliko. Alikuwa ameona vijana waliokwenda mbali wakarudi hawajui hata kusalimia, na binti yake hakutaka kumpa mtu wa namna hiyo. Kama kijana ana adabu, posa itaendelea. Kama hana, narudi nyumbani, na yuko mtu wa pale pale Tumati mwenye mashamba na ng'ombe ambaye tayari ameuliza. Mtu huyo nilimfahamu. Nilikosa usingizi.

Basi Jumamosi moja asubuhi baba akafika Basotu, amevaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka shingoni. Ofisini simu za binafsi zilikatazwa hata siku hiyo, hivyo tukampeleka karakana. Opereta alibaki kwenye mtambo wake. Simu ikalia. Baba akaunyanyua mkonga kwa mikono miwili, akaushika mbele ya uso wake kama anavyoshika redio akitafuta stesheni, kwa sababu hakutaka kuvua kofia kwenye ule upepo, na kwa ile sauti kubwa hakuwa na haja ya kuusogeza zaidi. Mimi niliyesimama mlangoni nilisikia kila kitu.

"Shikamoo baba," akasema fundi wangu kutoka Kanada.

Baba hana haraka na salamu. Alivuta pumzi, akainua kidevu, akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, ile simu ikasema kwa upole mkubwa:

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Hebu niitie mzee."

Baba aliuweka mkonga chini taratibu. Alitoka nje, akasimama karibu na trekta, akaniambia bila kunitazama, "Ameniitikia marahaba. Ameniita mwanangu. Mimi." Kisha akasema nifunge mizigo.

Nilikimbia kwa opereta nikilia. Nikamkuta bado yuko kwenye laini na Kanada, amefunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilidhani naye analia. Kumbe alikuwa amemsikia mchumba wangu akimuuliza kwa nia njema kabisa, "Mama, yule mtoto aliyepokea simu ni wa nani? Ana adabu sana. Ameniamkia kabla sijasema lolote la maana."

Opereta alikuwa ameielewa habari yote papo hapo. Kijana amesema shikamoo baba. Sauti yake imetoka kwa kishindo kwenye simu ya karakana, ikaruka kutoka upande wa sikio hadi upande wa mdomo, maana baba ameushika mkonga hewani, ikapanda tena setilaiti na kumrudia. Na mtu hajui sauti yake mwenyewe ikitoka nje yake. Amesikia "shikamoo baba", na kwetu mtu mzima akiamkiwa huitikia hata akiwa usingizini. Akaitikia. Akajiitikia mwenyewe. Sisi huku hatukusikia mwangwi wowote, kwa hiyo tulisikia mkwe mtarajiwa akimpa mzee wake marahaba.

"Na mimi niliyesema watu wa salamu hawasumbuliwi!" opereta akanong'ona akifuta macho. Kisha akamwambia mchumba wangu, "Kesho piga saa ile ile. Na ukisikia shikamoo yoyote, usiipokee."

Kumweleza baba kulikuwa kazi nyingine. Opereta alivaa kanga yake ya pili, akamwamkia, akamwomba watembee. Niliwaona kwa mbali wakishuka kuelekea Ziwa Basotu, mahali ambapo ukingo umepanda juu kama ukuta. Walisimama pale muda mrefu. Nikamwona opereta akinyoosha mkono kuonyesha ng'ambo ya maji, halafu nikasikia baba akipaza sauti, "Marahabaa!" na ule ukuta ukamjibu, "Marahabaa!" Wavuvi waliokuwa wakianika nyavu waligeuka kumtazama. Waliporudi baba alikula ugali wake wote, na hakuuliza tena habari za mizigo.

Jumapili baada ya ibada opereta alikuja mwenyewe karakana kabla ya simu. Alipunguza kile kikuza sauti mpaka chini. Aliikunja kofia ya baba, kwa idhini yake, akaubana mkonga sikioni mwake.

"Akikuamkia, Mzee, itikia. Ukimaliza, nyamaza. Mpe nafasi."

"Unanifundisha salamu, mama?"

"Nakufundisha simu, Mzee. Salamu ni zako."

Akakimbilia kwenye mtambo. Simu ikalia. Baba akasikiliza, akasema "Marahaba" kwa sauti ya kanisani, akanyamaza kama alivyoagizwa. Kimya kikawa kirefu. Baba akaanza kuutazama ukuta.

"Wewe, upo?" akauliza.

Sikusikia jibu, lakini baba alicheka mpaka akakohoa. Baadaye alinieleza kwamba kijana alisema, "Nipo baba. Nilikuwa nahakikisha kwanza ni wewe, si mimi." Kisha baba akanitoa nje ya karakana. Baba alipotoka, alivaa kofia, akaniambia nimpelekee mama ujumbe aanze kutafuta asali, maana kwetu pombe ya harusi haitengenezwi kwa maji matupu.

Miaka mingi nimeisimulia habari hii harusini na misibani, na kila mara nilimalizia kwa kusema kwamba mimi nimeolewa na mwangwi wa Ziwa Basotu. Watu walicheka, mume wangu alitabasamu, na mimi niliamini hivyo hivyo nilivyosema.

Mwaka jana tulipita Dongobesh, ambako opereta anaishi kwa binti yake. Mashamba yamekwisha kugawanywa kwa wengine, ule mtambo sijui ulikwenda wapi, na simu sasa tunatembea nazo mifukoni. Mume wangu hakuweza kuvumilia kuona mashine ya kukoboa ya binti inagoma, akavua koti akaingia huko uani. Sisi wawili tukabaki barazani na chai. Alikuwa amekonda, ila sweta ni lile lile la maringo, na sauti ile haijazeeka hata kidogo. Ukifumba macho unampa biskuti.

Nikamshukuru tena kwa ule mwangwi wa ziwani.

"Mwangwi?" Alinitazama kwa huruma. "Baba yako amechunga ng'ombe kwenye mabonde ya Tumati tangu hajaota meno ya ukubwani. Mwangwi angefundishwa na mimi? Alipiga ile kelele kunifurahisha tu. Alikwisha kuelewa tulipokuwa bado njiani."

"Sasa mbona mlikaa muda wote ule?"

Aliweka kikombe chini. "Aliniambia, mama, nimeelewa kijana hakunitukana. Lakini aliyekwenda mbali hurudi mtu mwingine. Wewe unasikia simu za watu wote. Niambie, huyu ni mtu wa kumpa binti yangu? Nikamwambia Mzee, hilo usiniulize, kazi yangu hainiruhusu. Akasema basi, kesho naondoka naye, ataolewa nyumbani ninakoona kwa macho yangu."

Akavuta sweta lake vizuri. Nami nilikuwa nimeacha kunywa.

"Nikamwambia. Mara moja tu katika kazi yangu yote, na hata padri sijamwungamia."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba wewe ukiweka simu chini, yeye haweki. Unakumbuka ulivyokuwa ukiongea? Kama mvua ya masika. Na kule maneno yanamfikia yamekanyagana, hashiki hata nusu. Ukishaondoka, ananishika mimi na maswali. Mama, alisema nini pale alipocheka? Alisema anaumwa wapi? Mama yake amepona? Namrudishia maneno yako yote, moja moja, mpaka muda wake unaisha. Baba yako akaniuliza, na yeye mwenyewe huwa anasema nini? Nikamjibu, hasemi kitu, Mzee. Anataka kumsikia binti yako tu."

Mashine ya kukoboa ikanguruma kule uani, na binti wa opereta akapiga kigelegele. Mume wangu akaja barazani akifuta mikono kwa kitambaa, grisi mpaka viwikoni, mzee mwenye mvi, akatukuta kimya.

"Mbona hamuongei?" akauliza.

"Muulize mkeo," opereta akasema. "Mimi nimestaafu."

Tangu tuoane nimemlalamikia mtu huyu kwamba haongei. Nimemsema kwa dada zake, kwa mchungaji, hata kwa watoto wetu. Nilisogea kwenye benchi, nikamwambia akae hapa karibu yangu, anieleze Kanada ilikuwaje, aanze popote anapotaka. Akakaa. Nikafunga mdomo wangu, nikamngoja.